Mikono Iliyowaogesha Mawifi

Mama Patrick, jirani yetu wa upande wa migomba, anasema aliona kwa macho yake. Anasema siku shangazi Keziya anakata roho, mama yangu alifunga mlango kwa ndani, akachota mawese kwenye kibuyu kwa mkono wa kushoto, akampaka shangazi kifuani huku midomo yake inachezacheza. Anasema shangazi alilia mara moja tu, halafu kimya. Mama akatoka nje anajifuta mikono kwenye kanga kama mtu aliyemaliza kula. Ndivyo anavyosema kisimani, ndivyo anavyosema kwenye kuvuna mpunga. Mwaka huu uchumba wangu ulipoanza kusikika, amelisema neno hilo hapa Ikolo mpaka likafika Katumba Songwe, sebuleni kwa mama yake Hebroni.

Shida ya maneno ya mama Patrick ni kwamba si uongo wote. Mlango ulifungwa. Mawese yalipakwa. Mimi nilikuwemo humo ndani, nimeshika beseni. Mlango ulifungwa kwa sababu kidonda cha shangazi kilikuwa kinanuka, na mwenyewe aliona aibu watu wakiziba pua. Mawese yalipakwa kwa sababu kitambaa kilikuwa kimegandana na nyama, na kukibandua kikavu ilikuwa sawa na kumchuna mtu mzima. Midomo ilicheza kwa sababu mama alikuwa anamwimbia pambio, taratibu, lile ambalo shangazi alilipenda tangu usichana wake.

Kwetu mwanamke akiugua sana kwa mumewe, anarudishwa kwao. Shangazi Keziya aliletwa nyuma ya baiskeli, amefungwa kanga kiunoni mwa mwendeshaji ili asidondoke. Kabla yake aliletwa shangazi Asifiwe. Kabla ya Asifiwe aliletwa dada yao mkubwa, mimi nikiwa bado mgongoni. Wote walikuwa wanawake vijana, wote ugonjwa wa titi, na wote wakarudi kwao. Na kwao ni kwa kaka yao, Andrea, baba yangu. Mgonjwa wa kike akirudi kwa kaka yake, wa kumwogesha ni mke wa kaka. Basi watu walipokaa kutafuta ni nani aliyekuwepo kwenye vifo vyote, hawakuhangaika. Jibu lilikuwa linachota maji uani.

Msimu wa mvua uliopita akafa na baba. Hapo hata waliokuwa wanasema kwa kunong'ona wakaanza kusema kwa sauti ya kawaida.

Hebroni alikuja siku tunachemsha chikichi. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilikuwa nimeinamia pipa, naengua mafuta yaliyoelea juu ya maji, mikono imekuwa ya rangi ya chungwa mpaka kwenye viwiko. Nilisikia kengele ya baiskeli ikilia mara moja. Yeye huwa haipigi mara mbili. Mwaka mzima nimekuwa naisikia kengele hiyo, na mwaka mzima moyo wangu unafanya jambo lile lile la kijinga, unaruka kama mwanambuzi.

"Mugonile, mama," akamwamkia mama yangu, huku amevua kofia.

"Ndaga, tata," mama akamjibu, macho yake chini, amegeuka ubavu kama inavyompasa kwa mtu anayetarajiwa kuwa mkwewe. "Ng'ambo, Malawi, hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Bibi anawasalimu. Anasema sukari ya kwao imepanda, ya kwetu imeshuka, sasa anangoja sisi tumpelekee."

"Zamani sisi ndio tuliokuwa tunangoja," mama akasema, na karibu atabasamu. Kisha akachukua ungo wake akaenda jikoni, akatuachia uwanja.

Hebroni akaegemeza baiskeli kwenye mchikichi. Nyuma alikuwa amefunga mzigo wa vitenge, vile anavyovusha mto Songwe na kuviuza sokoni Kyela. Akakaa juu ya gogo. Alikaa kwa kujibwaga, kama mzigo mwingine.

"Nimekuja na neno zuri," akasema.

"Neno zuri halikai chini hivyo."

Akacheka kidogo, bila kuonyesha meno. "Nimechoka, Ange. Wiki nzima nasemeshwa. Mama akichoka anaendelea mjomba. Mjomba akichoka, mama ameshapumzika."

"Mbona unene wako uko pale pale?"

"Wananisemesha baada ya kula." Akanitazama. Hebroni ana macho ya kumtazama mtu kama anayemsikiliza, hata pale mtu mwenyewe hajasema. Ndicho kitu cha kwanza nilichokipenda kwake, alipokuja hapa kununua mawese ya mama yake na kujifanya hajui chupa ipi imejaa. "Wamekubali," akasema. "Ng'ombe wanakuja tukishavuna mpunga."

Mwaka mzima nilikuwa nayangoja maneno hayo. Nilidhani yakija nitashindwa kupumua. Badala yake niliendelea kuengua mafuta.

"Na sharti?" nikauliza.

"Nani amesema kuna sharti?"

"Kofia yako. Ukiwa na jambo unaizungusha."

Akaitazama kofia mikononi mwake, ikasimama. Akaiweka gotini, akaishika tena.

"Ni dogo," akasema. "Mama yako aende mbele ya wazee aseme ameacha. Hilo tu. Hawamtozi kitu, hawamfukuzi. Wanamnyunyizia maji, yamekwisha. Halafu ahamie Njisi kwa kaka yake, kwa muda, mpaka watu wasahau. Kwenye harusi asije. Na..."

"Na?"

"Mtoto akizaliwa, asije kumwogesha."

Maji ya pipa yalikuwa yanatokota polepole. Nilirudisha kijiko cha mti pembeni, nikajifuta jasho kwa bega.

"Aseme ameacha nini, Hebroni?"

"Ange, unajua."

"Najua. Nataka kusikia wewe ukilitaja."

Hakulitaja. Akainama akaokota chikichi moja iliyodondoka, akaanza kuimenya kwa kucha. "Mama yangu anasema kitu hicho kikikiriwa kinakosa nguvu. Hata yeye hataki ugomvi. Anaogopa tu. Anasema, nitampelekaje mwanangu kwenye nyumba ambayo wanawake wanakufa?"

"Na wewe unaamini?"

"Mimi naamini nataka kukuoa."

"Sikuuliza hilo."

Akaendelea kumenya chikichi yake. Niliona kidole gumba chake kimeingia mafuta. Nilitaka kukishika nikifute. Mtu akipenda anakuwa mjinga hata katikati ya kudharauliwa.

"Mama ameshakubali," nikamwambia.

"Amekubali nini?"

"Hayo yote. Juzi alikuja mshenga wenu, Ambrose. Hakumaliza hata uji wake, mama akawa ameshasema ndiyo. Nitasema, nitahama, sitakuja, sitamgusa mtoto. Ambrose mwenyewe alibaki mdomo wazi. Alikuwa amejiandaa kubembeleza."

Hebroni akanyanyua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulipata mwanga. "Basi, Ange. Kama mwenyewe amekubali..."

"Hujaniuliza kwa nini amekubali."

"Kwa nini?"

Jioni ile Ambrose alipoondoka niligombana na mama. Sijawahi kugombana na mama, sikujua hata nianzie wapi, nikaanza na sufuria, nikaiweka chini kwa kishindo. Nikamwambia, utakiri kitu ambacho hukufanya? Mama akaichukua sufuria ile akaiosha. Akaniambia, "Mwanangu, hili la uchawi nikifa mimi linaisha. Lile lingine wakilisikia, nani atakuoa?" Na alilisema kwa uchovu tu, kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha.

Sikumweleza Hebroni hivyo. Nilimuuliza, "Baba yangu alikufa na nini?"

"Mapafu. Mlisema mapafu."

"Tulisema."

"Sasa?"

Nikasogea kutoka nilipokuwa, nikanyoosha mkono nikamgusa kifuani, kushoto, juu ya mfuko wa shati. "Alikuwa na uvimbe hapa. Ulianza kama punje ya mahindi. Ukapasuka kama wa dada zake."

Alitazama chini. Kidole changu kilikuwa kimeacha alama ya mawese kwenye shati lake.

"Mwanaume?" akasema.

"Mwanaume."

"Titi?"

"Hebroni, na wewe unayo nyama hapo. Ni ndogo, lakini unayo."

"Lile koti," akasema polepole.

"Ndiyo. Lile koti."

Kila mtu alilijua koti la baba. Joto hili la Kyela, mtu anavaa koti la sufu la mtumba kuanzia asubuhi. Walimtania sokoni kwamba anangoja baridi ya Tukuyu ishuke imfuate. Alicheka nao. Chini ya koti alikuwa amefungwa kitambaa, na aliyekifunga ni mama, na aliyekibandua kwa mawese ni mama. Baba alituapisha tusiseme. Kufa hakukumtisha kama kuambiwa amekufa ugonjwa wa wanawake.

"Tulimpeleka hospitali ya misheni kule juu," nikamwambia Hebroni. "Tulichelewa. Lakini daktari alimuuliza neno moja ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Alimuuliza, una dada wangapi, na wako wapi? Baba akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata mazikoni. Akasema, wote wako nyumbani kwangu, daktari, chini ya migomba."

Hebroni akaitupa kando ile chikichi.

"Daktari akatuita sisi wote watatu, akatueleza. Alieleza kwa maneno yake, mama akanieleza tena njiani kwa maneno yetu. Unajua mpunga ukikaribia kuiva tunavyoweka watu wa kuamia ndege?"

"Najua."

"Kila mtu anazaliwa na walinzi wa namna hiyo mwilini, wanaozuia nyama isiote hovyo. Kwa kila kazi wawili. Mmoja amepewa na baba, mmoja amepewa na mama. Mmoja akisinzia, mwingine yupo. Sasa kuna ukoo, mlinzi mmoja anazaliwa tayari ni mgonjwa. Mzazi amekupa mlinzi asiyeweza hata kurusha jiwe. Unabaki na mmoja. Siku huyo mmoja akianguka, ndege wanashuka. Ndiyo maana wanaanza kuugua mapema, bado vijana. Si kwamba ni lazima. Wengine mlinzi wao wa pili anasimama mpaka wanazeeka."

"Na huyo mgonjwa anatoka kwa mama au kwa baba?"

"Kwa yeyote. Watu wanatazama titi wanasema ni la upande wa mama. Daktari alisema baba anaweza kuwa nalo, asiumwe hata siku moja, akampa binti yake. Kwetu sisi limetoka kwa babu, baba wa baba yangu, au kwa bibi. Waliolipata ni watoto wao. Mama yangu ni mtu wa Njisi, Hebroni. Si damu yao. Dada zake wote wazima, wanalima, wanapiga kelele. Yeye alikuwa ni mkono wa kuwaogesha tu."

Upepo wa ziwa ulipita kwenye michikichi. Kutoka uani kwetu ziwa linaonekana kipande, na ng'ambo yake milima ya Livingstone, siku ile imekaa kwenye ukungu kama kitu kilichochoka kusimama. Hebroni aliitazama muda mrefu. Nilijua anatembea na maneno yangu, na nilijua mahali atakapofika. Nilimwacha afike mwenyewe.

"Dada zake mzee Andrea," akasema. "Na mzee Andrea mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na wewe ni binti wa mzee Andrea."

"Ndiyo."

Akageuka. "Unayo?"

"Sijui."

"Daktari hakupima?"

"Hapa kwetu hakuna kipimo hicho. Kiko Ulaya, na hata huko alisema ni kipya. Alisema ni nusu kwa nusu. Baba alikuwa na walinzi wawili wa kunipa, mmoja mzima, mmoja mgonjwa. Alinipa mmoja. Hakuna anayejua alinipa yupi."

"Na kama ni mgonjwa?"

"Naweza kuugua. Naweza nisiugue. Naweza kumpa mtoto."

"Wa kike."

"Wa kike au wa kiume. Baba alikuwa wa kiume."

Akafunika uso kwa viganja, akavisugua juu na chini kama anayenawa. Alipovitoa, shavu lake lilikuwa na mstari wa mafuta. Nilimwona vile alivyo, mwanaume mwema, mrefu, amechoka, hana baba wa kumuuliza, na ana mama ambaye yeye humwogopa.

"Ungeniambia mwanzo," akasema. "Kabla sijakupenda."

"Kabla hujanipenda ulikuwa mteja wa mawese. Nani anamweleza mteja habari za damu?"

"Usinitanie sasa hivi, Ange."

"Sikutanii. Natafuta pa kushika."

Akanyoosha mkono akaushika wangu, na mafuta yake yote. Tulikaa hivyo. Mwili wangu wote ulihamia kwenye kiganja kile. Kama angesema twende, tuvuke mto leo, tukakae kwa bibi yake Malawi, nisingechukua hata kanga ya pili.

"Unajiangalia?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Kila mwezi. Nesi alinionyesha. Nalala chali, nazungusha vidole. Sijakuta kitu. Daktari alisema nikikuta kadogo nikimbie siku hiyo hiyo, kadogo kanakatwa, mtu anaishi. Shangazi zangu walikuja nyumbani kuogeshwa. Hakuna aliyepelekwa kukatwa."

"Sasa kwa nini umeniambia?" Hakuuliza kwa hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa rahisi. "Ungenyamaza. Mama yako alinyamaza. Ng'ombe walikuwa wanakuja."

"Ng'ombe walikuwa wanaingia kwa mlango wa mbele, mama anatoka kwa mlango wa nyuma."

"Na sasa nikisema hili nyumbani? Uchawi mama yangu anajua pa kuupeleka. Kuna wazee, kuna maji, kuna mchungaji. Hili atalipeleka wapi?"

"Sijui."

"Atasema nisahau. Atasema hata wajukuu hawawezi kunyunyiziwa maji."

"Najua atasema hivyo."

"Na mimi sijui nitasema nini, Ange. Nakuambia ukweli. Jana ningekufa kwa ajili yako. Leo nafikiria mtoto wa kike."

Iliniuma, lakini ilikuwa ni kweli, na ukweli ndio niliomletea mimi. Nikautoa mkono wangu taratibu, nikarudi kwenye pipa kwa sababu moto ulikuwa unazidi. Nikaongea huku nimempa mgongo. Nilijua nikimtazama nitaomba kingine.

"Sikuombi unioe, Hebroni. Hilo kaa nalo, lifikirie mpaka lifike mwisho wake. Nakuomba neno moja tu. Kaseme mbele ya mama yako na mjomba wako na Ambrose, kwamba mama yake Angetile hakumuua mtu. Kwamba aliwaogesha wakati wengine wanaziba pua. Basi."

"Wataniuliza, basi ni nani?"

"Waambie waje waniulize mimi. Nitawaeleza habari za baba, na koti lake, na mimi mwenyewe. Baba atanisamehe, au hatanisamehe. Mama mwaka mzima hajaalikwa hata kwenye kumenya ndizi za msiba. Anapita kisimani saa ambayo hakuna mtu. Mimi namwona. Nimechoka kumwona."

Nilisikia nyayo. Mama alikuwa anatoka jikoni, amebeba chupa ya mawese mapya, yale mekundu ya juu kabisa ambayo huwa hatuuzi. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Kuta za jiko letu ni za mianzi. Alifika karibu na Hebroni, akageuka ubavu, akapiga goti kidogo.

"Mpelekee mama, tata," akasema. "Mwambie ni mapya. Aonje na ndizi."

Chupa ilikuwa inateleza kwa nje. Mama akaifuta kwa pindo la kanga yake, akaishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

Hebroni alisimama. Aliitazama chupa. Aliitazama mikono iliyoishika, mikono ya mama yangu, ile yenye nyufa zilizokolea rangi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Akavaa kofia. Akaipokea chupa, naye kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea kitu cha mtu mzima.

"Ndaga, mama," akashukuru.

Mama akarudi jikoni, wala hakugeuka.

"Utasema?" nikamuuliza.

Alikuwa amesimama kando ya baiskeli yake, doa langu kifuani, chupa ya mama ameikumbatia. Nikaitafuta kofia yake, maana kofia ndiyo huniambia. Lakini ilikuwa kichwani, na mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa, sikuweza kusoma kitu.